Shangazi, ninunue mashine ya kichwa au nyavu?

Assalam alaykum Shangazi,

Mimi ni mwanamme wa miaka 41, nahodha wa mashua ya mashine hapa Kojani, Pemba. Chombo si changu, ni cha tajiri aliyeko Wete. Nina mabaharia saba, na mmoja wao ni mtoto wa marehemu kaka yangu, ana miaka 19. Bahari nimeanza kuijua nikiwa na miaka 12. Nimekwenda dago, kambi ya wavuvi, Mafia, nimekwenda Tanga, na hakuna aliyewahi kuniita mzembe.

Tatizo langu ni hasira. Sipigi mtu, mke wangu atashuhudia. Hasira yangu huniingia mkononi nikishika usukani.

Mwezi wa saba kusi lilipiga siku tatu mfululizo, vyombo vyote vikafungwa. Siku ya nne chombo kimoja kilithubutu, kikarudi na jodari wa kujaza gari. Saa nne za usiku tajiri akanipigia simu. Alinitolea maneno mengi, mwisho akasema, "Wanaume wenzako wamekwenda." Sikulala. Saa tisa za usiku nikawaamsha mabaharia. Serahangi wangu, mkuu wa mabaharia, mtu mzima mwenye mvi, akaniambia, "Nahodha, usikilize mwamba unavyolia." Nilimsikia, na mwamba pia niliusikia. Lakini wallahi Shangazi, usiku ule bahari niliiona ndogo.

Kwenye mlango wa mwamba wimbi la pili lilitupiga ubavuni. Mtoto wa kaka yangu akaenda na maji. Tulimpata kwa sababu mguu wake ulinasa kwenye kamba ya nanga. Alitapika maji mpaka tukafika pwani. Jarife lote, wavu wetu mkubwa, limepotea, na sasa deni lake liko juu yangu.

Ungedhani nimekoma. Tangu siku ile nimeshatoka mara mbili kwenye upepo mbaya, nikiwaza kurudisha kilichopotea. Kijana naye hapandi tena chomboni. Mamake anasema ana homa, lakini watu wanamwona pwani.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko mjini Unguja, kazi yake kompyuta. Amenionyesha kwenye simu mkanda wa kuvaa kichwani unaopitisha umeme kwenye paji la uso. Anasema maprofesa wa Ulaya na Marekani wamejaribu, na mtu akipitishiwa umeme huo hutulia moyo na huacha maamuzi ya hatari. Bei yake mpaka unifikie ni laki nne na nusu. Fedha hizo ninazo, nilikuwa naziweka za kuanzia nyavu. Mke wangu anataka niende kwa mwalimu nikanywe kombe, maji yaliyooshewa aya za Qurani. Mimi sijui lipi ni lipi. Je, mashine hiyo ni kweli? Ninunue?

Nahodha, Kojani

*

Wa alaykum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale pale: "bahari niliiona ndogo." Umeieleza hasira kwa maneno matatu kuliko vitabu nilivyosomeshwa nilipokuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili. Maana ndivyo ilivyo. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Jennifer Lerner na Dacher Keltner, waliandika kuhusu watu wenye hofu na watu wenye hasira wanavyoipima hatari. Mwenye hofu huiona kubwa. Mwenye hasira huiona ndogo, na hujiona yeye ndiye mwenye kulimudu jambo. Tumezoea kuziweka hofu na hasira kapu moja, tukisema zote ni moyo kupanda, kumbe zikifika kwenye uamuzi kila moja inavuta kamba upande wake. Lishike hilo, kwa sababu ndilo litakalojibu suala lako la mashine.

Mpwa wako hakukudanganya, ila amekusimulia nusu. Mashine zipo. Vipande viwili vya sponji vilivyoroweshwa maji ya chumvi huwekwa kichwani, na umeme mdogo hupitishwa kati yake kwa dakika kama 20. Kiasi chake ni miliampia 1 hadi 2. Chaja ya simu yako hutoa karibu mara elfu ya hapo. Mtu husikia ngozi inamwasha kidogo, basi. Fikra yenyewe ni ya zamani kweli: kule Roma, karne ya kwanza, tabibu Scribonius Largus aliandika kuwa maumivu ya kichwa yatulizwe kwa kumwekea mgonjwa samaki yule wa jamaa ya taa mwenye shoti. Wewe shoti ya yule samaki unaijua kuliko mimi. Ya kisasa ilipata nguvu mwaka 2000, Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walipoonyesha kuwa umeme huo mdogo unaweza kuufanya ubongo uwe mwepesi au mzito wa kuitika kwa muda, kutegemea chanya imewekwa wapi na hasi wapi.

Sasa hao maprofesa wa mpwa wako. Mwaka 2007 Shirley Fecteau na wenzake walichukua vijana wazima, wakawawekea umeme pande zote mbili za sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji, mahali panapofanya kazi ya kuzuia mkono usikimbilie. Wakawapa mchezo wa puto. Unabonyeza kompyuta, puto linajaa, na kila ukilijaza unaongezewa senti. Likipasuka, senti za puto lile zimekwenda. Waliopewa umeme waliacha kujaza mapema kuliko wenzao. Hapo ndipo mpwa wako aliposimama.

Angeendelea kidogo angeyakuta mengine. Mwaka 2006, Zurich nchini Uswisi, Daria Knoch na wenzake walitumia sumaku kuilegeza kwa muda sehemu hiyo ya mbele upande wa kulia, na watu wakawa wajasiri zaidi wa kucheza kamari. Mwaka 2010 ukatoka utafiti wa watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea. Hao waliwekewa umeme wa mpangilio uliowafanya vijana kuwa waangalifu, nao wakachagua yenye hatari zaidi! Chombo ni kimoja na upepo ni mmoja, lakini huyu kamfikisha pwani na yule kamtia mwambani. Kwa hiyo mwaka 2016 kundi la wataalamu wa fani hiyo hiyo liliandika barua ya wazi kwa watu wanaojipitishia umeme majumbani. Waliwaambia kuwa umeme hautulii pale ulipoweka sponji, unasambaa. Kuwa unachokifanya au kukiwaza wakati umeuvaa kinabadilisha matokeo. Kuwa unaweza kupata faida huku ukapata hasara kule. Na kuwa mabadiliko yanaweza kudumu kuliko ulivyokusudia. Hiyo ni kauli ya wanaoipenda kazi hii na wanaoijua, si ya wapinzani wake.

Usichanganye mkanda huo na ile mashine kubwa ya sumaku iliyoko hospitali za nje. Ile mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu mwaka 2008 kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa haikuwasaidia, na anayeitumia ni daktari aliyeupima ubongo wa mgonjwa wake mahali gani pa kugusa. Huu wa posta utajipimia mwenyewe mbele ya kioo. Sponji ikikauka, ngozi inaungua. Na mwenye kifafa, au mwenye chuma kichwani, asiuguse kabisa.

Lakini mwanangu, tuseme umefika salama na umekutuliza kweli. Bado ningekukataza.

Nilipokuwa kazini tuliletewa mtu aliyeanguka mkarafuu. Tawi lilimkatikia, akapiga kipaji cha uso. Kidonda kilipona vizuri, kovu likabaki kama uzi. Alikuwa akisema, akihesabu, akiswali, akikumbuka majina ya wajukuu wote. Siku moja mkewe alikuja naye akiwa na fedha za mavuno mkononi, ameshagawa nusu yake njiani kwa watu asiowajua, na nusu iliyobaki alitaka kununua gari bovu aliloliona limeegeshwa nje ya hospitali. Mkewe analia, yeye anatabasamu. Nilimshika mkono kumpima mapigo. Kiganja kikavu, mapigo yametulia kama ya mtu aliyetoka kulala. Nimewauguza wengi, lakini utulivu ule ulinitisha kuliko makelele ya wadi nzima.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za wagonjwa wa namna yake. Huko Iowa, Marekani, Antoine Bechara na timu ya Antonio Damasio walitengeneza mchezo wa mafungu manne ya karata, wakauandika mwaka 1994. Mafungu mawili hutoa fedha nyingi kisha hukunyang'anya zaidi. Mawili hutoa kidogo kidogo na mwisho unabaki na faida. Mtu mzima wa afya, akinyoosha mkono kwenye fungu baya, kiganja huanza kutoa jasho kabla yeye mwenyewe hajaweza kusema kwa nini fungu lile halitaki. Walioumia ubongo wa mbele, chini huku juu ya macho, hawatoi jasho. Wanaendelea kuchota fungu baya hata baada ya kulijua kuwa ni baya. Akili ya hesabu wanayo. Kilichokatika ni kile kinachougusa mwili na kuuambia: simama.

Wewe hicho unacho. Uliusikia mwamba unalia, ulimsikia serahangi, ukaja kuniandikia mimi miezi baadaye na bado sauti ile iko masikioni mwako. Hofu yako ni nzima, alhamdulillah. Usiku ule ilikuwa kazini, ikakuambia, ila hasira ilikuwa na sauti kubwa zaidi. Sasa unataka kuvaa kitu cha kutuliza moyo, nami nakuuliza: kitaituliza ipi? Hakuna mkanda unaojua kuchagua, ukaishusha hasira na kuiacha hofu imekaa pale inapotakiwa. Ukipoteza ile ya pili ukiwa mlango wa mwamba, na roho saba zimekaa nyuma yako, utakuwa mtulivu kama yule mzee wa mkarafuu.

Yako ninavyoyaona mimi yana dawa nyengine. Kuna hadithi sahihi ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua, kwamba hakimu asihukumu kati ya watu wawili akiwa na hasira. Itazame vizuri. Hakimu hakuambiwa asikasirike. Ni mtu, atakasirika. Ameambiwa saa ile asihukumu. Nahodha ni hakimu wa chombo chake. Kwa hiyo usihangaike kutafuta namna ya kutokasirika saa tisa za usiku. Hakikisha saa tisa za usiku hakuna uamuzi uliobaki wa kuamuliwa.

Kaa na mabaharia wako baada ya Alasiri, mchana kweupe, matumbo yana kitu, muitazame bahari pamoja. Sikilizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa inasemaje. Wakitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, nyinyi wa upande wa mashariki mnajua wenyewe maana yake kwenye mlango wenu. Useme mbele ya wote saba: kesho tunatoka, au kesho hatutoki. Ikishakuwa "hatutoki", usiku hauna ruhusa ya kuigeuza. Ikiwa "tunatoka" na usiku bahari ikabadilika, yeyote, hata mdogo wao, ana haki ya kusema turudi. Na ule mpira wa mafuta wa mashine, mpe serahangi akalale nao nyumbani kwake. Nasema kweli, mpira wenyewe, mkononi mwake. Ukiamka na hasira itabidi uende ukabishe mlango wa mtu mzima mwenye mvi, umtazame usoni, umuombe. Njiani kuna kutembea, kuna umande, na mtu akitembea robo saa kwenye umande bahari huanza kurudi ukubwa wake.

Simu ya tajiri baada ya Isha isipokelewe. Apokee mkeo, aseme nahodha amelala, atakupigia asubuhi. Tena ulale kweli. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa vijana waliokeshwa kiasi cha saa 35 kisha wakaonyeshwa picha za kuudhi: ile sehemu ya ndani ya ubongo inayopiga king'ora, wanayoiita amigdala, iliitika kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko ya waliolala, na mawasiliano yake na ule ubongo wa mbele yalikuwa yamelegea. Wewe ulikaa macho tangu saa nne mpaka saa tisa ukiyatafuna maneno ya tajiri. Hukukesha saa 35 kama wale, lakini mkesha na hasira kwa pamoja ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja.

Neno la tajiri, "wanaume wenzako," nalo nalisema wazi: si neno la kumwambia nahodha, na limekaribia kuua mtoto wa watu. Lakini deni ni deni. Hizo safari mbili ulizotoka baadaye ndizo zinazonikosesha usingizi mimi, kwa sababu zile hazikuwa hasira tena. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kuwa mtu aliye kwenye hasara hukubali kubahatisha pale ambapo kama angekuwa kwenye faida asingethubutu. Maadamu deni lile limesimama zima mbele yako, kila upepo mbaya utakuwa unakwita. Livunje. Chukua mzee mmoja anayeheshimiwa na nyote wawili, mwende Wete mchana, mkae na tajiri, likatwe kidogo kidogo kwenye mgao wako kwa kiwango mtakachokiandika. Laki nne na nusu zako anza nazo hapo, au nunua vipande vya nyavu vya kuanzia. Usizipeleke posta.

Kuhusu kombe, sina ugomvi na mkeo. Kanywe, ukae na mwalimu, umsikilize. Kuna faraja katika kusomewa na watu wanaokupenda. Ila kombe lisichukue nafasi ya ule mpira wa mafuta. Na kama kuna mambo hukuniandikia, mfano uliwahi kupigwa na foromali, ule mti wa tanga, kichwani ndipo hasira zikaanza, au kuna siku hulali kabisa na huchoki na fedha zinakutoka mikononi, au unawaza kuwa bora bahari ikuchukue deni liishe, hapo usingoje jibu la gazeti. Nenda hospitali ya Wete au ya Chake Chake uonane na watu wa afya ya akili, nao wakiona haja watakuandikia uvuke uende Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja. Pale nimewaona wavuvi, walimu na askari, na wengi wamerudi kazini kwao.

Limebaki moja, nalo hukuniuliza. Mtoto wa kaka yako anakaa pwani na hapandi chomboni, na mamake anasema homa. Mwanangu, kijana wa miaka 19 aliyetapika maji ya chumvi usiku, tena aliyezamishwa na mtu aliyemlea baada ya babake, hana homa. Nenda kwao, usipeleke samaki wala fedha mara ya kwanza. Mwambie mbele ya mamake kwamba serahangi alikukataza na ulimsikia. Asije akaishi akidhani lilikuwa wimbi tu. Halafu, kabla hujamuuliza kama atarudi chomboni, muulize kama usiku anapata usingizi.

Shangazi